Barua kwa mpwa wangu anayetaka kuweka otomatiki kwenye mkonga

Kibiti, Pwani
Juni 2025

Mpwa wangu mpenzi,

Mama yako mzima, mpunga wake umeshaingia ghalani, na kila akipita hapa gereji ananiuliza habari za mguu wako.

Ujumbe wako wa sauti nimeupata. Unataka kung'oa giaboksi ya klachi kwenye mkonga wako, hiyo pikapu ya Land Cruiser, uweke otomatiki yenye ovadraivu, na umenitajia sababu mbili: goti la kushoto na dizeli. Nimezitenga kwa kuwa hazina uzito mmoja. Ya goti nakuunga mkono asilimia mia. Ya dizeli siikubali, na nitakufanyia hesabu uone mwenyewe kabla hujamkabidhi mtu fedha.

Nianze na goti. Tangu ile ajali ya bodaboda nimekuona ukishuka garini kwa kushikilia mlango kwa mikono miwili. Klachi ya Land Cruiser pikapu ni nzito hata kwa mwenye miguu mizima, na foleni ya Kongowe hadi Mbagala Rangi Tatu inakungoja kila unapopeleka kaa mjini. Daktari amekukataza kulikandamiza goti, basi usilikandamize. Wapo watakaokuambia kwamba mkonga hauwekwi otomatiki, kwamba ni gari la wanaume. Waache waseme. Toyota wenyewe waliuza Japani Land Cruiser za jamii hiyo hiyo, zenye injini hiyo hiyo ya 1HZ, zikiwa na otomatiki toka kiwandani. Kwa hiyo hutaki jambo la ajabu.

Sasa dizeli. Ulivyozungumza, inaonekana unaamini gari lako halina ovadraivu. Linayo. Pikapu yako ni HZJ75, injini yake 1HZ ya sentimita za ujazo 4,164, na giaboksi iliyo chini yake ni H55F ya gia tano. Gia ya nne ni moja kwa moja: injini ikizunguka mara moja, propela nayo mara moja. Gia ya tano ni 0.845, maana yake propela inazunguka kuipita injini. Hiyo ndiyo ovadraivu, na umekuwa ukiitumia miaka yote bila kuijua kwa jina. Otomatiki unayoitaka, A442F, ina gia nne, na hiyo ya nne iko karibu 0.72. Unachokwenda kununua ni hiyo tofauti tu.

Chukua kalamu. Tairi zako za 7.50R16 zinakata karibu mita mbili na nusu kwa mzunguko mmoja, na difu yako ni 4.11. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gia ya moja kwa moja inaiweka injini kwenye mizunguko kama 2,200 kwa dakika. Gia yako ya tano inaishusha chini kidogo ya 1,900. Ovadraivu ya otomatiki itaishusha chini ya 1,600. Na 1HZ haina turbo; inavuta vizuri kuanzia 2,000 hadi 2,200 hivi. Ukiwa na matenga ya kaa, samaki wa barafu na nazi juu, kilima kidogo tu kikitokea mbele, injini kwenye 1,600 itaishiwa pumzi. Giaboksi itarudi gia ya tatu, gari litapata nguvu, itaingia tena ya nne, itarudi tena ya tatu. Itafanya hivyo njia nzima. Kila inapobadilisha namna hiyo inazalisha joto, na joto linaua otomatiki kuliko kitu kingine chochote. Dizeli uliyodhani umeiokoa itateketea humo.

Halafu hiyo 80 utaikimbia wapi? Kutoka Kibiti ukipita Bungu, Jaribu Mpakani, Kimanzichana, Mkuranga hadi Vikindu, vibao vya 50 vinapokezana, na askari wenye tochi unawajua wanapokaa. Kwenye 50 ovadraivu haina kazi. Kwa hiyo gari likishakamilika, safari ya kwenda mjini na mzigo bonyeza kitufe cha O/D kwenye mkono wa gia mpaka taa ya O/D OFF iwake kwenye dashibodi, na uiache iwake hadi Mbagala. Watu wengi wakiiona taa hiyo wanadhani ni hitilafu, wanakimbilia kuizima. Wewe izime ukiwa unarudi mtupu usiku na barabara imepoa. Hapo ovadraivu utaifaidi.

Faida nyingine ya otomatiki, ambayo hukuitaja na mimi naithamini sana, ni mchanga na matope ya njia zetu za kushukia deltani. Kwenye otomatiki hakuna pleti ya klachi ya kanyagio ya kuungua gari linapoondoka. Kuna toki konveta: injini inazungusha oili, oili inasukuma mapanga ya upande wa pili, na gari linapoanza kuondoka nguvu huongezeka karibu mara mbili. Ni jambo jema, maana gia ya kwanza ya otomatiki inazidisha chini ya mara 3 wakati ya H55F inazidisha mara 4.8, na toki konveta inaziba pengo hilo. Lakini inaziba kwa kuteleza, na kila kuteleza ni moto. Dereva anayekanyaga mafuta gari likiwa limezama mchangani, tairi zikizunguka palepale, anapika oili kwa dakika chache tu. Kwa hiyo ingia Lo ya transfa mapema, kabla hujakwama. Ukiwa Lo gari linatembea kwa urahisi, na konveta haina sababu ya kuteleza sana.

Hapo kwenye joto nakuomba unisikilize kuliko mahali pengine popote katika barua hii. Rejeta uliyonayo ni ya gari la klachi, haina kipoza oili ndani ya tanki lake la chini. Tafuta rejeta ya gari la otomatiki, na juu ya hapo ongeza kipoza oili cha pembeni, kikae mbele ya rejeta panapopita upepo. Weka na geji ya joto kwenye paipu ya oili inayotoka giaboksi. Ikisoma 80 hadi 95 endelea na safari zako. Ikikaribia 120, simama, weka N, acha injini iungurume taratibu oili iendelee kuzunguka hadi ipoe. Usizime gari, kwa sababu pampu ya oili inazungushwa na injini. Fundi akikuambia geji ni mapambo ya vijana, mtafute mwingine.

Kununua. Utakwenda Gerezani, Dar es Salaam, kwa wauza vipuri, na utaonyeshwa giaboksi imelala peke yake sakafuni, imeoshwa inang'aa, bei nafuu. Usiichukue. Tafuta nusu gari, mbele yote, injini ya 1HZ ikiwa bado imeshikana na otomatiki yake, iwashwe uisikie. Unahitaji kila kinachoizunguka: toki konveta, ile pleti nyembamba inayokaa mahali pa flaiwili pamoja na bolti zake, transfa, mkono wa gia, paipu za oili, bomba la dipstiki, swichi inayozuia stata isipokuwa kwenye P au N, na bano za kushikia kwenye chasisi. Bano moja ikikosekana utachomelewa ya kubuni, nayo itapasuka njiani. Kama nusu gari ni ya Land Cruiser 80, angalia transfa: nyingi zina difu ya katikati na zinavuta magurudumu manne muda wote, wakati yako unaiunga ukitaka. Angalia na umeme. Mikonga ya dizeli iliyouzwa Japani ilikuwa ya volti 24, na yako ni ya 12. Ukiiunganisha koili ya O/D ya volti 24 kwenye betri yako, haitashika. Propela zote mbili zitabadilika urefu. Zikikatwa ziende zikabalansiwe, zisichomelewe tu chini ya mwembe, maana mtetemo wake utakula beringi za transfa mpya kabla ya vuli.

Kazi hii ya kuhamisha kitu ina mfano wake huku kwetu. Wewe umekulia deltani, unajua habari za Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyojificha kwenye mikono ya Rufiji mwaka 1914 na kuzamishwa tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake kumi ya milimita 105 ilitolewa mtoni ikapelekwa Dar es Salaam. Mzinga wa meli hauna faida nchi kavu. Hauna magurudumu, na sitaha iliyokuwa ikiupokea mshindo wake haipo tena. Mafundi wa mjini wakaitengenezea magari ya kuibebea, na ndipo mizinga hiyo ikapigana vita vya nchi kavu. Mmoja upo mpaka leo Fort Jesus, Mombasa. Kila ninapotoa kitu kwenye chombo kimoja nikakiweka kwenye kingine huwafikiria mafundi wale. Kazi kubwa ilikuwa gari la kuubebea mzinga. Na kwako kazi kubwa ni hizo bano, paipu na rejeta, ambazo mwenye duka hatakutajia.

Kuna waya mmoja lazima nikuandikie habari zake. Unatoka kwenye mkono wa pampu ya dizeli hadi ubavuni mwa giaboksi, na unaiambia giaboksi umekanyaga mafuta kiasi gani, ili nayo ijue ipandishe presha ya oili kiasi gani. Ukilegea, presha inakuwa ndogo, pleti za ndani zinateleza na kuungua huku gari likienda kwa ulaini wa kukufurahisha. Marekani, General Motors walipotoa otomatiki yao ya 700R4 mwaka 1982, watu wakaanza kuipachika kwenye pikapu za zamani kwa ajili ya ovadraivu yake, na waya kama huo ukiwa umefungwa vibaya uliwaunguzia giaboksi wengi. Kwa hiyo pima waya huo kwa mikono yako, mafuta yakiwa yamekanyagwa hadi mwisho. Na kama utapewa kuchagua kati ya otomatiki ya waya na ya kompyuta, chukua ya waya. Hapa Kibiti naweza kukurekebishia.

Jifunze kusoma oili. Washa gari hadi lipate moto, liwe mahali tambarare, pitisha gia zote polepole ukiwa umekanyaga breki, rudisha P, injini ikiwa bado inaunguruma, kisha chomoa dipstiki uipanguse kwenye kitambaa cheupe. Oili nzima ni nyekundu, inapita mwanga, na doa lake linatanuka kwenye kitambaa. Ikiwa ya kahawia na inanuka kuungua, kuna pleti inayokwisha. Ikifanana na chai ya maziwa, maji yameingia, na hapo usiwashe tena hata kwenda dukani, kwa sababu maji yanabandua gundi ya pleti. Giaboksi ina mpira wa kupumulia. Urefushe hadi juu karibu na kioo cha mbele. Uliyaona mafuriko ya Aprili 2024 yalivyofika. Na maji ya deltani kule Nyamisati ni ya chumvi, yakiingia hayasamehe.

P nayo isikudanganye. Ukiwa umeweka transfa katikati, P haishiki kitu. Gari litaondoka lenyewe na mzigo wake. Pale unapopakia karibu na maji, vuta hendibreki na uweke jiwe nyuma ya tairi, hata kama umesimama dakika mbili tu mashua ikishusha. Hendibreki ya mkonga wako imekufa tangu mwaka juzi. Itengenezwe kwanza, kabla ya giaboksi.

Gari la otomatiki halisukumwi likawaka, na huko unakopakia vijana wamezoea kukusukuma. Nunua betri nzuri na uache kulala na redio inalia. Ukikwama ukavutwa, fungua propela zote mbili, uzifunge kwa waya au uzipakie nyuma. Na kanyaga breki kwa mguu wa kulia peke yake. Wa kushoto upumzike kabisa, usije ukaanza kuuzoesha breki.

H55F yako watakuja kuitaka, na watakupa bei nzuri. Usiiuze. Ijaze oili, izibe matundu yote kwa matambara, niletee niiweke stoo pamoja na flaiwili na kanyagio lake. Inshaallah goti likipona vizuri, au otomatiki ikikushinda, tutairudisha.

Mwezi ujao sina kazi kubwa. Ukifika Gerezani na ukaipata hiyo nusu gari, nipigie ukiwa umesimama mbele yake, kabla hujaanza kupatana bei. Mwambie muuzaji aiwashe, aweke D, akanyage breki, nawe uisogeze simu karibu na giaboksi nisikie inavyoingia.

Wasalaam,
Mjomba wako