Kizidishi 19 na kosa nililomsingizia kijana wa watu

Leo sina programu mpya ya kuwaonyesha. Leo nina ungamo.

Mwaka wa 2022 nilinunua tarakilishi kuukuu ya mezani kwa fundi mmoja hapa Nairobi, shilingi 9,000 pamoja na kibodi. Nilipofungua kifuniko cha pembeni na kupangusa vumbi, moyo ukaruka. Ndani mlikuwa na AMD Phenom II X4 955 Black Edition! Prosesa hiyo ilitoka Aprili 2009, nikiwa shule ya msingi. Nilikuwa naitazama kwa picha tu pale saiba, shilingi moja kwa dakika.

Nilichokuwa nakitamani ni hilo jina Black Edition. Ngoja nieleze. Kasi ya prosesa hupatikana kwa kuzidisha namba mbili. Ya kwanza ni mdundo wa msingi unaotoka kwenye ubao mama, na kwa Phenom II ni megahezi 200. Ya pili ni kizidishi cha prosesa yenyewe, na kwa 955 ni 16. Mia mbili mara 16 ni 3,200, yaani gigahezi 3.2.

Prosesa nyingi za zama hizo zilifungwa kiwandani ili kizidishi kisipande. Sababu moja ilikuwa wafanyabiashara walaghai waliochukua prosesa ya kasi ndogo, wakaipa jina la ile ya kasi kubwa na kuiuza ghali. Wakongwe mtakumbuka Athlon na Duron za mwaka wa 2000, ambazo watu walizifungua kwa kuchora mistari ya penseli kwenye vidaraja vidogo vilivyo juu ya prosesa, kwa kuwa grafiti hupitisha umeme. Kwa Black Edition huhitaji penseli. AMD waliiacha wazi makusudi. Unaingia kwenye BIOS, unabadilisha 16 kuwa namba unayotaka, unahifadhi, basi.

Nilipanda nusu nusu. 17, ikakubali. 17.5, ikakubali. 18, ikakubali. Kwa 19, yaani gigahezi 3.8, ikagoma kuwaka. Nikaongeza volti kutoka 1.35 hadi 1.425, ikawaka. Nikaendesha Prime95 kwa dakika 10, haikulalamika. Nikarudisha kifuniko na kufunga skrubu. Mradi wetu mmoja wa C++ uliokuwa ukichukua dakika 41 kukompaili ukashuka hadi 35. Jamani, nilitembea kama jogoo.

Mwaka wa 2023 kazini tukapokea kijana wa atachimenti, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, nami nikapewa kumsimamia. Nilimpa kazi ya kuandika sehemu ya programu inayofunga rekodi za wateja kwenye faili moja, kuinakili, kisha kuhakikisha kwa cheksamu kwamba nakala ni sawa na ya asili. Akaiandika vizuri tu. Nikaichukua nyumbani kuijaribu kwenye mashine yangu. Mara ya kwanza sawa, mara ya pili sawa, mara ya tisa cheksamu zikakataa kulingana.

"Bosi, kwangu inakubali," aliniambia.

"Kila mtu husema hivyo," nikamjibu, mbele ya wenzetu, na wakacheka.

Siku nne tulitafuta kosa. Yeye akaandika upya sehemu mbili nzima ambazo hazikuwa na tatizo lolote. Kila akinitumia, kwangu inakataa baada ya muda. Mwisho wa wiki akaleta kitabu chake cha atachimenti, kile ambacho mhadhiri hukisoma akija kumtathmini. Nikaandika kwamba kazi yake haiaminiki. Akasoma, akakifunga polepole. "Sawa, bosi."

Usiku huohuo nilikuwa nakompaili mradi mwingine kabisa, ambao huyo kijana hajaugusa. GCC ikaanguka katikati ikidai kuna hitilafu ya ndani, kisha ikajaribu tena yenyewe na kufaulu. Halafu ikaandika maneno ambayo sitayasahau: kosa hili haliwezi kurudiwa, kwa hivyo huenda tatizo liko kwenye vifaa au mfumo endeshi. Nilihisi baridi. Kompaila ilikuwa inamtetea kijana wa watu.

Nikawasha Prime95 tena, safari hii niiache usiku kucha. Programu hiyo kazi yake ya asili ni kutafuta namba tasa kubwa, lakini watu wa kupandisha kasi huipenda kwa sababu ina jaribio linalolinganisha hesabu za prosesa yako na majibu yanayojulikana tayari. Dakika ya 22, kiini kimoja kati ya vinne kikatoa jibu la uongo na kusimamishwa. Vile vitatu viliendelea bila shida. Mashine haikuzima wala skrini haikuganda.

Kwa nini hutokea hivyo? Fikiria matatu stejini. Makanga akipiga bodi, dereva anaondoa gari. Kwa gigahezi 3.2 bodi inapigwa kila baada ya pikosekunde 312 hivi. Kwa 3.8 ni 263. Ndani ya muda huo ishara inapaswa kupita transista kadhaa na kutulia kuwa 0 au 1. Abiria wengi hupanda kwa wakati. Lakini kuna yule mama mwenye kikapu, ile njia ndefu kuliko zote ndani ya prosesa, na makanga anapiga bodi akiwa bado mguu mmoja uko chini. Hapo prosesa inachukua thamani iliyopo, sawa au si sawa, na kuendelea na safari.

Ukiongeza volti unawaharakisha abiria, lakini joto nalo linapanda. Joto hufuata kasi mara volti mara volti. Piga hesabu ya kwangu: kasi ilipanda kwa chini ya asilimia 19, umeme unaoliwa ukapanda kwa takriban asilimia 32, juu ya prosesa ambayo kiwandani tayari ni ya wati 125. Feni ya zamani na pesti iliyokauka haziwezi mzigo huo. Kadiri inavyochemka ndivyo makosa yanavyoongezeka, ndiyo maana dakika 10 zangu za majaribio hazikuonyesha kitu.

Nilikuwa nimedhani kwamba ikiwaka na isizime, iko salama. Kumbe mashine inayozima ghafla ni afadhali, angalau inakuambia. Yangu ilikuwa inakosea kimya kimya, na mimi nikaamini namba zake kuliko neno la mtu.

Jumatatu nilimwita mbele ya walewale waliocheka. Nikaeleza yote, nikakata sentensi yangu kwenye kitabu, nikaandika nyingine na kutia sahihi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba mimi sijui." Hilo liliniuma kuliko kama angenitukana.

Sisemi msipandishe kizidishi. Pandisheni, ni raha, na utaielewa prosesa kuliko kusoma vitabu vitatu. Ila iache Prime95 usiku kucha, angalia joto, badilisha pesti kwanza. Na mashine inayobeba kazi ya watu, iache ilivyotoka kiwandani.

Yangu sasa iko 16. Mradi unachukua dakika 41 kama zamani, nami nakunywa chai nikingoja. Dakika 6 nilizokuwa nimezipata zilinigharimu siku 4, na karibu zimgharimu mwenzangu zaidi ya hapo.

Haya, tukutane wakati mwingine.