Mbwa na Maji Katika Nchi ya Waturkana

Msafiri ashukaye kutoka Kapenguria na kupita katika bonde la Marich hutambua upesi kwamba ameingia nchi nyingine. Baridi ya milimani humwacha, majani mabichi humwacha, na mbele yake hutandaa uwanda wa mchanga, mawe na miiba, uendeleao hata Lodwar na kupita huko mpaka Lokichoggio, karibu na Sudan Kusini. Mito mingi ya huko, kwa sehemu kubwa ya mwaka, ni njia za mchanga tu. Watu huchimba katika mchanga huo kutafuta maji, na shimo likikauka huchimba jingine. Wasomaji wengi huijua Lodwar kwa kuwa Mzee Jomo Kenyatta aliwekwa huko baada ya kumaliza kifungo chake Lokitaung mwaka 1959. Mimi nilipelekwa huko na kazi isiyo na sifa kama hiyo, yaani kukagua daftari za bohari. Lakini karani naye ana macho.

Kazi ilipokwisha, dresa mmoja, mwenyeji wa nchi hiyo, alinichukua kwenda kuona boma la jamaa zake. Boma kwa lugha yao huitwa awi. Ni vibanda vya vijiti na ngozi, na zizi la miiba la mbuzi na ngamia. Kabla ya watu kutuamkia, mbwa walitangulia, wembamba, wa rangi ya mchanga. Mbwa hao si wa mapambo. Usiku ndio wanaowasikia fisi na wezi wa mifugo kabla mtu hajasikia, na wengine hulala ndani pamoja na watoto.

Tulipokuwa tumeketi, mtoto mchanga alijichafua mapajani mwa mama yake. Mama akamwita mbwa kwa sauti ndogo. Mbwa akaja, akamlamba mtoto mpaka akatakata, kisha akaenda zake kivulini. Mama hakukatiza mazungumzo. Nadhani uso wangu ulionyesha jambo, maana dresa aliniambia, "Ndugu yangu, usimhukumu. Mama huyu ameondoka alfajiri kwenda kuteka maji, na amerudi na debe moja. Wataka alimwage lote kwa kumwosha mtoto mmoja?" Sikuwa na jibu.

Na hapo ndipo maradhi yanapoingia. Katika matumbo ya mbwa huishi tegu mdogo sana, wa urefu wa milimita chache tu. Mayai yake hutoka na kinyesi cha mbwa, yakashika manyoya yake, ulimi wake, mchanga na maji. Mbuzi, kondoo au ngamia akiyala, hufanya mifuko ya maji katika ini na mapafu. Mnyama akichinjwa, mbwa hutupiwa yale matumbo mabovu, naye hupata tegu wapya. Mtu akiyameza mayai hayo, mfuko huota ndani yake vilevile. Hukua polepole, mwaka baada ya mwaka, bila maumivu, hata siku moja tumbo likaonekana kama la mwenye mimba. Madaktari huyaita maradhi haya haidatidi, na Turkana yalionekana kwa wingi kupita karibu kila mahali duniani. Wanawake huugua kuliko wanaume, wala si ajabu, kwani wao ndio wakaao nyumbani na mbwa, na watoto, na vyungu.

Mtu aweza kusema kwamba ni shauri la mifugo tu. Sivyo. Wamasai nao wana mifugo mingi na mbwa wengi, na tegu huyo yuko kwao pia, lakini maradhi haya kwa watu wao yalionekana kuwa machache zaidi. Wataalamu Nelson na Rausch, walioandika juu ya jambo hili mwaka 1963, waliangalia sana jinsi Mturkana anavyoishi na mbwa wake. Mdudu ni mmoja. Desturi za nyumbani ni mbili. Tena kulikuwa na desturi ya zamani ya kuwaacha wafu wengi porini bila kuwazika, isipokuwa watu wa heshima. Mahali pengine tegu akiingia katika mwili wa mtu amefika mwisho wa safari yake, maana hakuna mnyama atakayemla mtu huyo. Lakini mwaka 1983 Daktari Macpherson alieleza kwamba huko Turkana hata mwili wa mtu uliweza kumrudishia mbwa maradhi.

Mwaka huo huo wa 1983 shirika la AMREF lilianza kupigana na maradhi haya upande wa Lokichoggio. Mbwa walihesabiwa na kupewa dawa ya kuua tegu, wale wasio na wenyewe waliuawa, na watu walifundishwa. Mashine za kupiga picha za ndani ya tumbo kwa mawimbi ya sauti zilipelekwa mpaka chini ya miti, ili mgonjwa ajulikane kabla tumbo halijavimba. Maradhi yamepungua tangu siku hizo, ingawa hayajaisha.

Wapo wanaopenda kutaja habari ya Iceland, kisiwa cha baridi kilichokuwa na ugonjwa huu huu katika karne ya 19. Huko waliandika kijitabu, kila nyumba ikapata, watu wakakisoma wakati wa majira marefu ya baridi, wakaacha kuwapa mbwa matumbo mabovu, na maradhi yakaisha. Ni habari njema, lakini naona yatumiwa vibaya. Mtu wa Iceland alikuwa na nyumba isiyohama, na maji mlangoni. Nilipoona katika zahanati moja karatasi ubaoni iliyoamuru watu wanawe mikono kila mara, nilitafuta bomba kwa macho, nisilione.

Wagonjwa wengi huenda kwanza kwa emuron, mganga wa kienyeji na mwenye kuona mambo yajayo. Nilimwona mwanamume mmoja mwenye alama za kuchomwa kwa moto juu ya ini. Nisingependa kumcheka. Hospitali ilikuwa mbali naye mwendo wa siku kadhaa, na kupasuliwa ni jambo la hatari, kwa kuwa maji ya mfuko ule yakimwagika tumboni huweza kuleta mshtuko wa kuua, au kuotesha mifuko mingine. Siku hizi kuna vidonge vya albendazole, lakini huhitaji kunywewa kwa muda mrefu, na mchungaji hahami kwa kufuata kalenda ya zahanati.

Juu ya mbwa, mzee wa boma alisema wazi. "Wakiwachukua, usiku fisi akija nitamwamsha nani?" Dresa hakubishana naye. Alimwomba tu wale waliopo wanyweshwe dawa, na matumbo yenye mifuko yafukiwe shimoni siku ya kuchinja. Mzee akakubali la dawa palepale. La matumbo alisema atawauliza wanawake, kwa sababu wao ndio wagawao nyama. Dresa akafungua daftari lake, akaanza kuandika mbwa mmoja mmoja, kwa rangi na kwa jina la mwenyewe.