Tembe Moja, Mara Mbili

Katika mwaka wangu wa pili chuoni nilipata alama nzuri katika mtihani wa upatanisho wa kisarufi. Katika likizo ya mwaka huohuo nilipatanisha namba moja na nomino isiyo yake, na bibi yangu akaanguka kati ya jiko na shamba la migomba.

Mimi ni Mganda, mzaliwa wa kijiji kimoja nje ya mji wa Masaka, kusini mwa Uganda. Nyumbani tunazungumza Kiganda, shuleni tulifundishwa kwa Kiingereza, na Kiswahili nimekuja kukisoma ukubwani, hapa Kampala. Bibi yangu, ambaye sote tunamwita Jajja, ndiye aliyenilea. Ana umri wa miaka 71, analima mwenyewe, na hadi mwaka ule alikuwa hajawahi kumeza dawa kwa zaidi ya siku tano mfululizo.

Nilimsindikiza kituo cha afya kwa sababu kichwa kilikuwa kikimgonga kila asubuhi. Tulifika saa mbili, tukamwona daktari saa saba mchana. Presha yake ilikuwa 178/104. Daktari akamwandikia nifedipini ya miligramu 20, ile inayotoa dawa polepole mwilini. Tukaelekea dirisha la dawa. Pale tulimkuta kijana anayetoka Arua, ambaye Kiganda chake kilikuwa bado cha kubahatisha. Lakini Kiswahili alikijua, kama wanavyokijua watu wengi wa kaskazini-magharibi mwa nchi yetu. Nilipomwambia kwamba ninakisoma chuoni, alifurahi. Mimi nilifurahi zaidi, maana Masaka si mahali pa kumpata mtu wa kuzungumza naye Kiswahili. Tukaongea dakika kadhaa huku foleni ikinung'unika nyuma yangu. Jajja alikuwa ameketi kwenye benchi, mkoba mapajani, akitutazama.

Mwishowe kijana akaandika 1×2 juu ya bahasha, akasema, "Tembe moja, mara mbili kwa siku, dada. Azimeze nzima kwa maji, asizisage."

Nikajibu, "Nimeelewa, kaka. Asante."

Na kweli nilielewa. Lakini mgonjwa hakuwa mimi.

Tulipotoka nje Jajja akaniuliza, "Musawo amesemaje?" Nilikuwa natafuta bodaboda, mawingu yalikuwa yamekusanyika, na nilitaka tufike kabla ya mvua. Nikamjibu kwa Kiganda, "Empeke bbiri, buli lunaku." Yaani tembe mbili, kila siku. Akasema sawa.

Sikumdanganya. Moja mara mbili ni mbili, na ukihesabu tembe zilizotakiwa kuingia tumboni kwa siku nzima, hesabu yangu ilikuwa sahihi. Ila katika Kiganda ningepaswa kusema "empeke emu, emirundi ebiri". Namba mbili ilikuwa ya "emirundi", yaani mara, nami nikaihamishia kwa "empeke", yaani tembe. Tofauti kati ya "ebiri" na "bbiri" ni ndogo sana kwa sikio, lakini ndiyo inayomwambia mgonjwa ameze zote kwa pamoja au azigawe asubuhi na jioni. Kuhusu kutozisaga, sikusema neno lolote. Nilisahau.

Jajja hapendi kumeza kitu kigumu. Kila asubuhi aliziweka tembe mbili katikati ya vijiko viwili, akazisaga, akakoroga unga wake ndani ya chai, akanywa. Siku ya sita akaanguka.

Tulimrudisha kituoni. Hakuvunjika mfupa, ila alichubuka kiwiko na kupata uvimbe juu ya jicho. Muuguzi alituuliza anamezaje dawa, na Jajja akaeleza vizuri sana, hatua kwa hatua, pamoja na vijiko. Muuguzi akashika kichwa. Akatufafanulia kwamba tembe ya aina hiyo imetengenezwa ili itoe dawa kidogo kidogo kwa saa nyingi. Ukiisaga, dawa yote inaachiliwa kwa pamoja na presha inaweza kushuka ghafla. Jajja alikuwa akinywa dozi ya siku nzima kwa pamoja, tena iliyosagwa. Muuguzi alipouliza ni nani aliyemwelekeza hivyo, Jajja akasema, "Mimi mwenyewe nilisikia vibaya." Nilikuwa nimesimama pembeni yake. Sikusahihisha.

Likizo ikaisha nikarudi Kampala. Baada ya wiki sita hivi shangazi akanipigia simu. Jajja ameacha dawa kabisa, amepimwa tena na presha imefika 194/112. Nikampigia Jajja kumgombeza, kwa heshima lakini kumgombeza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema maneno ambayo sikuwa na jibu lake: "Mjukuu wangu, huo ugonjwa wenu haujawahi kuniangusha. Kilichoniangusha ni dawa."

Nimeyafikiria sana maneno hayo. Sisi tuliosoma tunapenda kusema kwamba wazee wanaacha dawa kwa ukaidi au kwa kuamini mitishamba. Jajja alikuwa akifuata ushahidi aliokuwa nao. Presha aghalabu haina maumivu. Mishipa ya moyo, ya ubongo na ya figo inaweza kuharibika kwa miaka bila mtu kuhisi chochote, hata siku akipooza upande mmoja. Kichwa chake kilikuwa kimeacha kugonga, kwa hiyo kwake ugonjwa ulikuwa umekwisha. Dawa alizozijua maishani ni za kumeza unapoumwa na kuacha unapopona. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba hii si dawa ya kuponya bali ni ya kushikilia, kama nguzo ya mti inayoegemezwa mgomba wenye mkungu mzito. Mgomba ukisimama wima, hiyo si sababu ya kuondoa nguzo.

Mfano huo wa nguzo si wangu. Ni wa yule kijana wa dirishani.

Nilikwenda nyumbani mwishoni mwa wiki, tukarudi kituoni pamoja. Safari hii nilimwambia kijana ukweli wote, tena kwa Kiganda, ili Jajja asikie: kwamba yeye alisema vizuri na mimi ndiye niliyefikisha vibaya. Jajja alinitazama tu. Kijana hakunilaumu. Alisubiri foleni ipungue, akatoka nje ya chumba chake, akaketi kwenye benchi karibu na Jajja na kuanza upya, kwa Kiganda chake cha kuchechemea, nami nikijaza maneno alipokwama. Akaeleza kazi ya dawa, akatoa mfano wa mgomba, akaonyesha tembe moja kwenye kiganja, kisha akanyoosha mkono kuelekea jua linapochomoza na linapotua. Alipomaliza akasema, "Sasa Jajja, nieleze utakavyomeza."

Jajja alikasirika kidogo. "Ananipa mtihani kama mtoto wa shule?"

Kijana akacheka. "Hapana, Jajja. Najipima mimi, kama nimesema vizuri."

Basi Jajja akaeleza. Alikosea mahali pamoja: alisema kwamba akisahau ya asubuhi atameza mbili jioni ili kufidia. Kijana akamrekebisha palepale. Ukisahau, meza unapokumbuka. Lakini saa ya dozi inayofuata ikiwa imekaribia, iache iliyopita na uendelee na ratiba. Usizidishe kamwe. Kosa hilo lilikuwa limejificha kichwani mwa Jajja, na lisingejulikana kama asingeulizwa. Mimi siku ile ya kwanza niliulizwa nini? Hakuna. Nilisema "nimeelewa", ikatosha.

Kisha kijana akauliza anatumia dawa gani nyingine. Jajja akasema hakuna. "Hata ya goti?" Hapo akakumbuka. Ana goti linalomsumbua, na karibu kila siku alikuwa akinunua diklofenaki dukani, tembe mbili mbili, bila bahasha wala maelezo. Hakuzihesabu kuwa dawa kwa sababu hazikuandikwa na daktari. Kijana akaeleza kwamba dawa za maumivu za jamii hiyo huweza kupandisha presha na kuumiza figo, akamrudisha kwa daktari, naye akampa parasetamo kwa ajili ya goti. Tangu siku hiyo Jajja huenda kituoni na kila kitu anachomeza, hata mitishamba, ndani ya mfuko mmoja.

Kwa kuwa insha hii inasomwa na wanafunzi wa Kiswahili na walimu wetu, niruhusuni niseme kidogo kuhusu lugha. Nilipokuwa nikirudi Kampala nilijiuliza kama Kiswahili kingeniokoa. Jibu ni kwamba inategemea nomino. "Tembe" na "mara" zote ziko katika ngeli moja, kwa hiyo tunasema tembe mbili na mara mbili. Mtu akisikia "mbili" peke yake, hawezi kujua ni mbili ya nini. Lakini ukisema "kidonge", sarufi yenyewe inakulinda: kidonge kimoja, vidonge viwili, mara mbili. "Viwili" haiwezi kuwa ya mara. Sasa nikitafsiri maelekezo ya dawa huchagua kidonge.

Tena kuna neno "kutwa". Katika nchi jirani wanaposoma 1×3 husema "moja kutwa mara tatu". Ni maneno mazuri na yamezoeleka, lakini kutwa kwa asili ni mchana, tangu jua lichomoze hadi litue. Mtu akilichukua neno kwa uzito wake, atameza asubuhi, adhuhuri na magharibi, halafu usiku mzima apite bila dawa. Kwa dawa inayotakiwa kila baada ya saa 8, ni afadhali kuzitaja saa zenyewe. Na hapo tuna bahati, kwa sababu Kiganda na Kiswahili vinahesabu saa kwa namna moja. Jajja hajui saa 7 ya Kiingereza ya asubuhi, ila saa moja anaijua vizuri kabisa. Tukapatana: kidonge cha kwanza saa moja asubuhi pamoja na chai, cha pili saa moja jioni kabla ya rozari. Kati yake ni saa 12 kamili.

Mengine tuliyapanga mezani nyumbani. Dawa zimetoka juu ya jiko, penye moshi na joto, zikahamia kwenye kopo chumbani, kila aina ndani ya bahasha yake. Vidonge 60 vinatosha siku 30, kwa hiyo vikibaki 14, yaani vya wiki moja, shangazi anakwenda kuulizia. Kituo kikiwa kimeishiwa, wiki hiyo inatupa nafasi ya kuchanga fedha za kununua dukani. Bila hiyo nafasi, Jajja angekaa siku tano bila dawa na kusema anasubiri.

Presha yake haijawa nzuri kabisa. Mara ya mwisho ilikuwa 148/88, na daktari anataka iwe chini ya 140/90. Lakini anameza kila siku, na hajaanguka tena.

Desemba iliyopita nilifika nyumbani na homa. Kipimo kikaonyesha malaria, nikapewa dawa mseto, tembe 24 katika pakiti. Jajja akanikalisha kwenye mkeka. "Nieleze utakavyomeza." Nikaeleza: nne sasa, nne baada ya saa 8, halafu nne asubuhi na nne jioni kwa siku mbili zinazofuata, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa. Akaridhika.

Jioni ya siku ya pili nilikuwa najisikia mzima, nikaenda kuzungumza na marafiki nikalala bila kumeza. Nakiri kwamba hosteli tunafanya hivyo daima. Tukipata nafuu tunaacha, na tembe zinazobaki tunampa mwenzetu atakayeugua wiki ijayo, ambaye naye atameza nusu. Asubuhi Jajja aliichukua pakiti yangu, akahesabu kwa kidole, polepole.

"Zimebaki 12," akasema. "Zilitakiwa kubaki nane. Au nilisikia vibaya?"

Nikapiga magoti, nikaomba maji. Kuuliza si ujinga, wenzangu, na kuulizwa pia si dharau. Nilimeza nne zangu mbele yake, kisha tukatembea pamoja hadi kituoni, tukamuulize kijana wa Arua nifanyeje na zile zilizobaki.