Sauti Nene ya Spika Kuukuu

Mtu anunuapo kitu kikuukuu hununua vitu viwili kwa bei moja: kitu chenyewe, na mambo yote ambayo kitu hicho kilitendewa na mwenyewe wa kwanza. Cha kwanza huonekana sokoni. Cha pili hujitokeza nyumbani. Nguo ya mitumba hujieleza upesi, kwa kuwa jicho huona kiraka na mkono huhisi uzi uliolegea. Baiskeli huyumba, na saa huchelewa. Lakini spika haina lugha ya namna hiyo. Hutoa sauti, na mnunuzi huridhika kwa kuwa sauti imetoka. Ile isiyotoka haisikiki, na kisichosikika hakina wa kukidai.

Katika sauti zote, ipoteayo kwa siri kubwa kuliko nyingine ni sauti nene, ambayo mafundi wetu huiita besi. Kiswahili kimeipa kitenzi chake, nacho ni kuvuma. Na ukoo wa kitenzi hicho umeipa jina ngoma moja ya pwani, vumi. Chapuo ni ngoma ndogo, hulia kwa wepesi kama mtu mwenye habari mpya. Msondo ni ndefu na hupigwa kwa mikono. Vumi hukaa chini ya nyenzake kama msingi ulivyo chini ya nyumba. Hapana mtu asifuye msingi, wala hapana nyumba isimamayo bila ya msingi.

Nasema kwa siri, kwa kuwa sikio la binadamu ni karimu kupita kiasi. Sauti ya mwanamume mzima azungumzapo kwa utulivu aghalabu hutetemesha hewa mara 100 au 120 hivi katika sekunde moja. Simu ya waya ya zamani ilipitisha mitetemo ya kuanzia mara 300 hadi yapata 3,400 tu. Kwa hesabu hiyo kila mwanamume aliyepiga simu angalisikika kama mtoto. Walakini halikutokea jambo hilo: baba alitambulikana kuwa baba. Sikio lilipokea mitetemo ya juu ambayo ni mafungu ya ule wa chini, likatambua ukoo wake, likamrudisha mzazi mahali pake ingawa hayupo. Wanafunzi wangu wa fonetiki huelezwa habari hii kila mwaka, na kila mwaka wapo wasioisadiki. Ukarimu huu hutufaa katika simu, lakini katika uchunguzi una hatari. Msikilizaji husema kwamba besi ipo ila si nyingi, kumbe haipo kabisa, na ile aisikiayo amekopeshwa na sikio lake mwenyewe.

Nalilazimika kulitazama jambo hili kwa makini wakati idara yetu ilipojipatia spika mbili za studio zilizokwisha tumika, pamoja na amplifaya yake, kutoka kwa mtu aliyekuwa akifunga studio ndogo ya muziki. Kila spika ilikuwa sanduku la mbao lililozibwa pande zote, lenye wufa ya sentimita 20 na twita ndogo juu yake. Tulizitaka kwa ajili ya kusikilizia nyimbo na ngoma zilizonaswa na wanafunzi vijijini. Wa kwanza kuzitumia kwa kazi kubwa alikuwa kijana mmoja wa shahada ya pili, aliyekuwa akiandika juu ya nyimbo za ngoma za Pemba. Katika sura yake ya tatu alidai kwamba vumi hunyamaza kila kibwagizo kinapoingia, na juu ya kimya hicho alijenga nadharia nzima: kwamba chombo huinama mbele ya neno, na kwamba kibwagizo, kwa kuwa ni mali ya watu wote, hakikubali kuamrishwa na mpigaji mmoja. Ilikuwa nadharia nzuri, tena imeandikwa kwa Kiswahili safi, jambo ambalo hatulipati kila siku. Lakini mimi nalikuwa nimezisikiliza sauti zile zile kwa vipokea sauti vya masikioni, wala sikukumbuka kimya chochote.

Nikamwuliza alizisikilizia wapi.

"Katika spika za idara, mwalimu," alijibu. "Si ndizo za studio?"

Nikamwambia sura ikae mezani mpaka tuzijue spika kwanza. Alikubali kwa adabu, lakini uso wake ulisema kwamba mwalimu amepata kisingizio cha kuchelewesha kazi. Simlaumu. Muda wa ufadhili wake ulikuwa umebaki miezi minne.

Swali la kwanza kwa spika isiyovuma ni je, ilipata kuvuma? Ziko spika nzuri ambazo hazikuumbwa kwa besi. Yamaha NS-10, iliyotolewa mwaka 1978 kwa wasikilizaji wa nyumbani, ikaja kuenea katika studio za dunia nzima, ni sanduku dogo lililozibwa lenye wufa nyeupe ya sentimita 18. Uundaji wake ulikoma mwaka 2001, hivyo kila anayeinunua leo huinunua kuukuu. Mtu akiipeleka kwa fundi kwa sababu haivumi, anamshitaki paka kwa kutobweka. Waliofanya kazi nayo waliipenda kwa kuwa ilionyesha kasoro za sauti za katikati bila ya huruma, nao walitafuta besi mahali pengine. Zetu hazikuwa za jamii hiyo. Wufa ya sentimita 20 katika sanduku la ukubwa ule ilipasa kutoa zaidi ya tulichosikia.

Baada ya swali la umbile huja uchunguzi wa jicho na mkono. Ukingo unaoshika karatasi ya wufa hutengenezwa kwa mpira, kwa kitambaa, au kwa sponji. Sponji ndiyo yenye maisha mafupi. Huoza kwa joto na unyevu hata spika ikiwa imelala stoo, na hewa ya pwani yetu haina huruma nayo. Ikiguswa huacha unga kidoleni. Za kwetu zilikuwa na ukingo wa mpira, mzima. Kisha mkono: kwa vidole vilivyotandazwa, karatasi husukumwa ndani polepole na kuachwa. Katika sanduku lililozibwa barabara hurudi kwa uzito, kama mlango wa chumba kisicho na dirisha. Ikirudi kwa kuruka, huenda pana ufa katika gundi za mbao, na hewa inayovuja huondoka na besi. Mkono huo huo husikia kama koili inakwaruza. Multimita nayo husema lake: spika iliyoandikwa omu 8 kwa kawaida husoma 6 au 7 hivi. Zetu zilisoma 6.4 na 6.3. Hapakuwa na ugonjwa.

Fundi mmoja tuliyemwita alitaka tubadilishe kapasita zote. Desturi hii imeenea, nami naiheshimu kiasi, maana kapasita hukauka kwa umri. Lakini katika spika za namna hii kapasita iliyokauka aghalabu hupunguza sauti nyembamba kwanza, kwa kuwa ndiyo njia ya kwenda kwenye twita. Malalamiko yetu yalikuwa ya upande mwingine. Naona kwamba mafundi wengi, kama waganga wengi, huanza na dawa waliyo nayo mfukoni.

Jambo lililotufungulia mlango halikuhitaji chombo chochote. Tulipiga ngoma ile ile kwa spika moja, kisha kwa nyingine, kisha kwa zote mbili. Kila moja peke yake ilivuma. Zikiwa pamoja, mvumo ulitoweka. Msomaji atafakari ajabu hii: wachukuzi wawili walibeba kidogo kuliko mmoja. Sababu ni kwamba karatasi ya spika moja ilikuwa ikienda mbele wakati ya pili ikirudi nyuma. Hewa iliyosukumwa na hii ilipokewa na ile, na mawimbi marefu ya sauti nene yakafutana kabla hayajamfikia msikilizaji aliyekaa kati. Mawimbi mafupi ya sauti nyembamba hayafutani kwa utaratibu huo. Hutawanyika na kumfanya msikilizaji ahisi kwamba mwimbaji hana mahali maalumu pa kusimama. Kwa hiyo spika haikusikika kuwa mbovu. Ilisikika kuwa pana, na wengine waliisifu.

Nyaya za nje zilikuwa sawa, nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi. Hapo ndipo wengi hukoma. Tukazitenga spika na amplifaya, tukachukua betri ya volti 1.5, tukagusisha upande wake chanya kwenye kichomeo chekundu na upande hasi kwenye cheusi, mguso wa nukta moja tu. Wufa ya kwanza iliruka mbele. Ya pili iliingia ndani. Baadhi ya spika za zamani zilikusudiwa na waundaji wake kuingia ndani kwa jaribio hili, na hilo si kosa; lakini mbili zilizozaliwa pamoja haziwezi kuhitilafiana. Tulipofungua ile ya pili tuliona risasi ya kulehemu mpya, yenye kung'aa, juu ya ncha za wufa. Mtu fulani, wakati fulani, aliitoa, akairudisha, akabadilisha waya. Sanduku likafungwa, skrubu zikakazwa, na siri ikauzwa pamoja na spika. Kazi ya kuigeuza ilichukua muda wa kunywa kikombe cha chai.

Besi ilirudi, lakini haikurudi yote, na hapa wa kulaumiwa alikuwa chumba. Ofisi yenyewe ina urefu wa mita 4.2 na upana wa mita 3.2. Katika joto la nyuzi 30 sauti husafiri karibu mita 349 kwa sekunde. Kwa hiyo wimbi ambalo nusu ya urefu wake ni mita 4.2 ni lile la mitetemo 41 au 42. Wimbi hilo hujaa kwenye kuta mbili za mwisho na kupungua mno katikati ya chumba, na katikati ndipo tulipoweka kiti, kwa kuwa ndipo feni ilipo. Zaidi ya hayo, spika zilisimama mita moja mbele ya ukuta wa nyuma yao. Sauti iliyogonga ukuta huo ilirudi ikiwa imechelewa nusu ya wimbi kwa mitetemo 87 hivi, ikaifuta ile iliyokwenda moja kwa moja. Tulizisogeza spika hadi sentimita 20 kutoka ukutani, na kiti tukakirudisha nyuma hatua moja. Feni haikutufikia tena. Vumi lilitufikia.

Nitasema neno juu ya trei za mayai, ambazo mwenye studio yule alikuwa amezigandika kwenye kuta zake zote, na ambazo katibu wa idara alipendekeza tuzinunue. Trei hupunguza kidogo mwangwi wa sauti nyembamba. Wimbi la mitetemo 87 lina urefu wa mita 4. Trei yenye kina cha sentimita 5 kwalo ni kama kokoto mbele ya lori. Mapazia na mazulia pia hayalizuii. Atakaye kulishika hana budi kuwa na kitu kinene, kama magodoro yaliyorundikwa pembeni, na idara ya lugha haina fungu la magodoro.

Baada ya hayo tulikaa na kijana, tukasikiliza upya sauti za vijiji vyake vitatu. Katika viwili vumi halikunyamaza hata pigo moja. Mwimbaji alipoimba peke yake, kofi la mkono juu ya ngozi lilikuwa likisikika hata katika spika zilizopingana, kwa kuwa kofi lina sauti nyembamba. Kibwagizo kilipoingia, sauti za watu na makofi yao yalilifunika kofi hilo, na mvumo ambao ungepita chini yao ulikuwa umekwisha futwa. Kimya alichokisikia alikisikia kweli, ila kilitoka katika waya uliogeuzwa na mtu asiyejua Pemba iko wapi. Kijana alinyamaza muda mrefu, kisha akaomba tusikilize tena mara ya pili. Nikaona hapo kwamba atakuwa mtafiti.

Amezifuta kurasa kumi na moja. Zilizobaki zina maneno machache na nguvu zaidi, kwa kuwa sasa anauliza ni vipi neno linasikilizana na ngoma isiyomwachia nafasi.

Kijiji cha tatu kimebaki na shida yake. Daftari lake la safari linasema kwamba siku ile upepo wa bahari ulikuwa mkali, naye akawasha katika kinasa sauti ile swichi ya kukata sauti za chini, ambayo huondoa mitetemo iliyo chini ya 80 au 100. Spika haiwezi kutoa kisichoingia. Katika sauti hiyo, kibwagizo kikianza, kweli hapana vumi, nasi hatuna njia ya kujua kama mpigaji aliinua mikono au kama swichi ndiyo iliyomnyamazisha. Nauli ya kurudi imepatikana kwa mwezi wa Julai. Nimemwomba achukue kinga ya upepo ya manyoya, asiiguse swichi, na akae upande wa vumi.