Kasi na Amana

Upesi ni sifa njema ya mjumbe, lakini si sifa ya kwanza ya mwekaji amana. Mjumbe husifiwa kwa kufika mapema. Mwekaji amana husifiwa kwa kurudisha kitu kizima kama alivyokipokea. Hufikiri hivi kila niisikiapo programu ya pochi ya Bitcoin ikisifiwa kwa kasi yake tu.

Pochi hiyo, ijapokuwa ina jina la pochi, haina sarafu ndani yake. Ina funguo, na kila ufunguo ni namba ndefu isiyobahatishika. Ufunguo ukipotea na nakala haipo, hapana benki wala hakimu awezaye kumrudishia mwenyewe mali yake.

Kompyuta iambiwapo iandike ufunguo, huushika kwanza katika kumbukumbu ya muda, kisha huupeleka katika diski. Programu aminifu hungoja diski iitikie ndipo iseme kuwa imekwisha andika. Programu yenye pupa husema hivyo kabla ya itikio. Umeme ukiwapo, hakuna atambuaye tofauti. Lakini katika mtaa ninamokaa umeme huondoka bila ya kuaga, na wino usiokauka hufutika. Mtu aliyeunda pochi saa ile ile aweza kupokea malipo kwa anwani ambayo ufunguo wake haupo tena popote.

Mafundi wa Bitcoin Core waliijua hatari hii. Toleo la 0.21 la mwaka 2021 liliruhusu pochi kuwekwa katika hifadhidata ya SQLite. Baadaye waliongeza njia ya kutoingoja diski, ili majaribio yao yaende mbio. Lakini waliipa jina litamkalo wazi kwamba si salama, wakaiacha imezimwa, na wakaeleza kuwa ni ya majaribio tu.

Naiheshimu busara hiyo. Pochi ya majaribio ikiharibika huundwa nyingine. Pochi ya mtu ina jasho lake, na pengine urithi wa watoto wake. Wako wasemao kuwa nakala ya mbegu yatosha, kwa kuwa huzaa funguo upya. Ni kweli, lakini haizai ufunguo ulioletwa kutoka nje, wala haimfai mtu ambaye hajawahi kuinakili.

Auzaye usalama kwa sehemu ya sekunde amefanya biashara ya hasara: sekunde aliyoipata haiwekeki akiba, na mali aliyoipoteza hairudi.