Waliokuja kwa Ajili ya Uji



Wapendwa waamini, juma hili tunaomba kuwasimulia habari za binti mmoja wa ng'ambo ya ziwa letu, na kwa njia hiyo kuungama jambo lililotulemea tangu Kwaresima.

Binti huyo ni Phiona Mutesi. Alizaliwa yapata mwaka 1996 katika mtaa wa Katwe, Kampala, mtaa wa bondeni ambako mvua ikinyesha maji huingia vyumbani. Baba yake alifariki kwa UKIMWI Phiona akiwa bado mdogo. Ada ikakosekana, shule ikakoma, na mtoto akawa anazunguka barabarani akiuza mahindi ya kuchemsha. Siku moja ya mwaka 2005, akiwa na miaka tisa hivi, alimnyatia kaka yake ili ajue anakokwenda. Akakuta watoto wameinamia mbao za kuchezea, na pembeni uji. Mwenyewe amekiri mara nyingi kwamba kilichomvuta ni huo uji.

Aliyeupika mpango huo ni Robert Katende, kijana aliyekua yatima, mtumishi wa shirika la Kikristo la michezo. Alikuwa akiwafundisha watoto wa Katwe kandanda, akaona wapo wanaosimama kando tu, hawathubutu kuingia uwanjani. Kwa ajili ya hao, mwaka 2004 alileta sataranji: mchezo wa ubao wa miraba 64 kama ule wa drafti yetu, ila kete zake zina vyeo, kuanzia mfalme na malkia hadi askari wadogo wa mstari wa mbele. Askari anayevuka salama hadi mwisho wa ubao anaweza kugeuzwa malkia. Phiona alifundishwa kete hizo na msichana mdogo kuliko yeye.

Mwaka 2009 alipanda ndege kwa mara ya kwanza, kwenda Juba, na yeye na wavulana wawili wa Katwe wakashinda mashindano ya watoto. Mwaka 2010 aliichezea Uganda katika Olimpiadi ya sataranji huko Khanty-Mansiysk, Siberia, kwenye baridi asiyopata kuiona. Baada ya Olimpiadi ya Istanbul ya mwaka 2012, yeye na Ivy Amoko wakawa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Uganda kupata cheo cha kimataifa katika mchezo huo. Mwaka 2016 ikatoka filamu juu yake, na mwaka 2017 akaanza chuo kikuu katika jimbo la Washington, Marekani.

Tusitie chumvi, lakini. Cheo alichopata ni cha ngazi ya chini kabisa kati ya vyeo vya wanawake. Ugrandmasta aliouota uko mbali juu yake. Hakuwa Vera Menchik, binti wa baba Mcheki, aliyekuwa bingwa wa kwanza wa dunia wa wanawake mwaka 1927 na kuwashinda wanaume waliokuwa wakimcheka. Wapo wanaosema kwamba filamu ilimkuza Phiona kuliko mchezo wake. Huenda. Sisi hatukumtazama kwa jicho la mashindano. Tulipoitazama filamu hiyo pamoja na vijana wetu, baada ya Pasaka, macho yetu yalibaki kwenye sufuria la uji.

Mtakumbuka kwamba mwanzoni mwa Kwaresima tuliondoa uji wa Jumamosi kwa watoto wa mafundisho. Sukari ilikuwa imepanda bei, hilo ni kweli. Lakini katika kikao haikuwa sukari iliyoamua. Ilisemwa kwamba watoto hawa hawaji kwa ajili ya Mungu, wanakuja kwa ajili ya uji, na wakishashiba hukaa barazani kucheza drafti kwa vizibo vya soda kama wazururaji. Kuhusu drafti tulitabasamu, kwa kuwa Mtakatifu Teresa wa Avila mwenyewe aliwafundisha masista wake sala kwa mfano wa sataranji, katika kitabu chake cha Njia ya Ukamilifu. Kuhusu uji hatukutabasamu. Sisi paroko wenu ndio tuliofungua Injili ya Yohane, sura ya 6, pale Bwana anapowaambia makutano kwamba wanamtafuta kwa sababu walikula mikate wakashiba. Kikao kikakubali. Tulichosahau kukisoma ni kwamba Bwana aliyasema hayo kesho yake. Jana yake alikwisha kuwalisha, wala hakuuliza kwanza nani amekuja kwa nia gani.

Alikuwapo binti mmoja aliyekuja moja kwa moja kutoka Mwaloni, mdogo wake mgongoni, kitenge kikinuka dagaa. Alikunywa nusu ya kikombe, nusu akamnywesha mtoto. Kisha akakaa barazani na kuwashinda watumishi wa altare mmoja baada ya mwingine, akifikiri muda mrefu kabla ya kusogeza kizibo, bila kusema neno. Uji ulipoondolewa alikuja Jumamosi mbili. Ya tatu hakuja, nasi hatukuuliza.

Baada ya filamu ile tuliwaomba akina mama wa jumuiya waende kumtafuta. Walikuta chumba kimefungwa kwa kufuli. Jirani alisema mama yao amevuka na watoto kwenda visiwani, upande wa Ukerewe, kufuata dagaa. Tumempelekea salamu padre mwenzetu wa huko. Kambi za wavuvi ni nyingi, na watu huhama.

Uji umerudi tangu Jumamosi iliyopita, saa tatu asubuhi, kabla ya mafundisho wala si baada yake, na hakuna atakayeulizwa cheti cha ubatizo. Mbao mbili za drafti zimetengenezwa na fundi wa parokia. Vizibo tunavyo vya kutosha. Kilichopungua ni unga wa ulezi na sukari: mwenye nacho akilete sakristia kabla ya Ijumaa jioni.