Maji ya Kisahani

Mama alishuka kwenye basi la Muheza na begi moja, kuku wawili na kopo la Blue Band. Ndani ya kopo mlikuwa na ua: majani ya duara yenye vinyweleo kama sikio la mwanambuzi, na vimaua vinne vya zambarau, katikati njano.

"Jirani alinipa jani nikaliotesha," akawahi kusema, maana ananijua. "Sijang'oa msituni." Amani ni hifadhi tangu 1997, na mama yangu haokoti hata kuni asizoruhusiwa.

Baba alikuwa amefariki miezi mitatu nyuma. Mimi na kaka tulikaa tukakata shauri: Mama hawezi kubaki mlimani peke yake na presha ile, aje Dar, akae kwangu Tabata. Tulimwambia. Kama tulimuuliza, sikumbuki.

Lile ua lina safari zake. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani pale Tanga, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaliandika kwa jina la ukoo huo, Saintpaulia. Leo linauzwa kwenye vyungu madukani Ulaya na Marekani, na wengi wanaolinunua hawajui Usambara iko wapi. Mimi niliyezaliwa huko nilikuwa sijui kulitunza.

Nililiweka barazani lipate jua. Mama akasema halitaki jua kali. Kwao linakaa kivulini, juu ya miamba yenye kuvu, chini ya miti mikubwa. Miti ikikatwa, nalo linaungua. Nikaliingiza ndani, nikaanza kulimwagia maji asubuhi na jioni, tena juu ya majani. Si joto la Dar hili? Majani yakapata madoa, kisha yakalegea. Nikaona lina kiu, nikaongeza maji.

Mama naye nilimtunza hivyohivyo. Asifagie, nipo. Asipike, dada wa kazi yupo. Asiende gengeni, bodaboda watamgonga. "Wewe pumzika tu, mama." Akapumzika. Akawa anakaa dirishani, chakula anakigusa tu. Nikazidisha supu na vidonge.

Siku moja nikakuta moyo wa ua umeoza, umekuwa mweusi. Mama akachomeka kidole kwenye udongo, akakitoa kimelowa.

"Halikufa kwa kiu hili. Kule linashika jiwe, maji yanapita, hayakai. Wewe umelizamisha."

Akachagua jani moja lililokuwa bado zima, akalikata na kikonyo chake. Akatoboa kopo chini, akatia udongo mwepesi wenye mboji, akachomeka kikonyo, akafunika na chupa ya maji iliyokatwa. "Ukishaona udongo umeanza kukauka juu, weka maji kwenye kisahani, linywe lenyewe kwa chini. Likishiba, mwaga yaliyobaki." Halafu, bila kunitazama: "Mwanangu, mimi nataka kwenda nyumbani."

Kaka alikuja juu. Akaniuliza kwenye simu, Mama akianguka usiku kule, nani atamwokota? Sikuwa na jibu, na hadi leo sina. Nilichofanya ni kumnunulia mashine ya kupimia presha, nikampa namba ya bodaboda mmoja mwaminifu, nikaongea na yule jirani aliyempa jani awe anamgongea mlango kila asubuhi. Kaka hakuongea na mimi wiki mbili.

Jani lilikaa kimya wiki baada ya wiki. Mara mbili nilitaka kulichomoa nione kama lina mizizi, nikajizuia. Mwezi wa tatu vikatokea vijani vidogo vitatu, kila kimoja kama ukucha wa mtoto.

Nikampigia Mama. Alikuwa shambani, anahema, upepo unavuma kwenye simu. Nikaanza: mama, mbona unahema hivyo, umepima leo, dawa umekunywa...

"Nimepima, nimekunywa," akanikatiza. "Na kisahani je, umemwaga?"

Nikamwambia nimemwaga.